Fomu Kumi na Tisa za Mwalimu Murithi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Fundi akiniambia gari limeharibika, nainama chini ya boneti mwenyewe. Muuza maziwa akinichangamkia kupita kiasi, nayapima. Wenzangu husema hiyo ndiyo iliyonifanya mtafiti, na huenda ni kweli, maana miaka yote hii ya kuchunguza ugonjwa unaokula akili za wazee, kazi yangu kubwa imekuwa kukataa kuamini ninachoambiwa mara ya kwanza. Lakini Alhamisi moja miezi michache iliyopita, siku ya kliniki yangu ya kumbukumbu hapa Meru, mwalimu mmoja wa kike kutoka Kaaga aliniletea baba yake, na nilipoona jina kwenye faili nilitamani kutokea mlango wa nyuma. Lilikuwa jina la Mwalimu Murithi. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya sweta, kofia mkononi, amenyoa ndevu vizuri isipokuwa sehemu moja chini ya sikio. Akanisalimu kwa adabu kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Mzee huyo alifukuzwa kazi na jina lake likachafuliwa kwa sababu yangu, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na sita, na kila nilichopata baadaye kilianzia hapo.

Nilianza kama ninavyoanza na kila mtu. Leo ni siku gani, tuko mji gani, rudia maneno haya matatu: ndizi, jembe, kanisa. Siku hakuijua, mji aliujua. Baada ya dakika tano, katika yale maneno matatu lilibaki jembe peke yake. Binti yake, Kendi, alikaa kando ameukumbatia mkoba wake, na kila baba yake alipokosea alitazama sakafu. Mimi niliandika huku nikijiuliza: amenijua na ananichezea, au kweli hanijui? Ndivyo nilivyo. Hata mbele ya mtu niliyemdhulumu, kilichonijia kwanza hakikuwa huruma, kilikuwa shaka. Kisha nikafika ukurasa wa pili wa fomu, kwenye swali ambalo huulizwa jamaa wa mgonjwa, na kabla sijasema Kendi alijibu nini sina budi kurudi nyuma.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii yangu bado inanuka wino. Profesa mmoja wa Nairobi alikuwa amepata ufadhili wa kutafuta ni wazee wangapi wa Meru na Embu wanaopoteza kumbukumbu, akaajiri watu wawili wa kupita boma kwa boma. Aliniajiri mimi kwa sababu ya digrii. Murithi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mapema, naye aliajiriwa kwa sababu hakukuwa na boma karibu na Nkubu ambalo hakuwa amefundisha mtoto wake. Nilipanga chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya buchari, kwa mjane aliyeitwa Mama Zuhura. Ukuta ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, na dirisha pekee lilitazama gogo la kukatia nyama, hivi kwamba asubuhi niliamshwa na shoka. Mama Zuhura aliwauzia madereva wa miraa mahamri na chai ya tangawizi. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, aliniletea pilau kwenye sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, akasimama mlangoni mpaka nimeze kijiko cha kwanza. Niliona kwamba hanilishi, ananichunguza. Sikukosea sana, kwa sababu mbao zile hazikuzuia neno.

"Huyo msichana wa Embu huwa anaenda kwa wazee kufanya nini?" jirani aliuliza siku moja, wakichambua mchele uani.

"Anawauliza maswali. Ati wakumbuke ndizi."

"Ndizi tu?"

"Ndizi na jembe na kanisa."

"Hapo kuna kitu, mama. Hakuna mtu analipwa juu ya ndizi."

"Mi nimeangalia sanduku lake," akasema Mama Zuhura. "Ni karatasi tu."

Kesho yake nilinunua kufuli. Huko vijijini nako mambo yalikuwa yaleyale. Boma moja walisema tunatafuta mashamba ya wazee waliochanganyikiwa ili tuyauze, boma la pili wakasema tunanunua damu, ingawa hatukuwa na sindano hata moja. Mzee mmoja alinijibu maswali yote vizuri, kisha akaniomba nimwonyeshe kitambulisho changu, akakisoma pande zote mbili, akamwita mjukuu wake akisome tena. Nilimpenda mzee yule. Tulielewana.

Ofisi yetu ilikuwa Nkubu, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Kulikuwa na meza mbili, jiko la mafuta ya taa, kalenda ya kiwanda cha chai na sanduku la bati la Mwalimu, ambamo aliweka fomu zake za mwezi. Saa saba mchana alipasha githeri, mahindi na maharagwe, aliyokuja nayo kwenye mkebe, akanigawia nusu bila kuuliza kama nina njaa. Alikula polepole, akichagua maharagwe kwanza. Aliniita mwari, yaani binti, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana wote, na ufunguo wa sanduku aliutundika kwenye msumari nyuma ya kalenda mbele ya macho yangu. Mtu mwingine angeona hapo uaminifu. Mimi niliona mtu anayetaka kuonekana hana cha kuficha.

Shaka yangu ilianzia kwenye swali la kumi na moja. Swali hilo lilikuwa fupi: una watoto wangapi? Mzee alijibu peke yake, kisha tukamuuliza jamaa yake pembeni, na majibu yasipolingana mzee alipoteza alama nyingi, kwa sababu, alivyotueleza Profesa, mama akisahau idadi ya watoto aliowazaa basi ugonjwa umekwisha kuingia ndani. Kwenye fomu zangu wazee walianguka swali hilo mmoja baada ya mwingine. Mama anayejua bei ya majani chai, jina la chifu na siku ya soko, nikimuuliza watoto wangapi ananiambia "wawili", na uani naona wanne wakipura maharagwe. Mwingine alisema "hawako". Mwingine alicheka tu, akaanza kuniuliza mimi nitaolewa lini. Niliwaandikia alama zao kwa huzuni. Lakini kwenye fomu za Mwalimu Murithi hakuna aliyekosea. Wazee wake walikuwa na miaka ileile, vijiji vilevile, na idadi ililingana kila mara.

Kuna siku tulifanya kazi kwenye kilima kimoja, nikamwona kwa mbali. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mama mmoja mzee, wanazungumza na kucheka, fomu imewekwa chini ya jiwe isipeperuke, hata kalamu hajaishika. Kofia yake alikuwa ameiweka juu ya goti na mkono wake wa kulia umeingia chini ya kofia. Vidole vilikuwa vikicheza humo. Nilisimama kwenye mstari wa michai nikitazama ile kofia, na roho yangu ikaniambia, huyu mtu anaficha kitu. Jioni fomu ya mama yule ilikuwa imejazwa safi, watoto saba kwa jibu la mama, saba kwa jibu la jamaa.

Ijumaa moja Mwalimu aliondoka mapema kwenda kuchuma chai yake. Nilitoa ufunguo nyuma ya kalenda. Fomu za mwezi zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa kijani, na nyuma ya kila moja, kwa penseli, kulikuwa na orodha ya majina. Kinyua, Karimi, Mwiti, Kinyua tena, Karimi tena. Boma baada ya boma majina yaleyale. Nikasema, basi, huyu anatunga watoto nyumbani kwake, na hata ubunifu hana. Nilijua kwamba mwisho wa mwezi huifuta penseli kabla ya kukabidhi, kwa kuwa Profesa alitaka fomu safi, kwa hiyo nikaona lazima nizichukue kabla ushahidi haujapotea. Nilizihesabu, zilikuwa kumi na tisa. Nikaziweka chini ya sukuma wiki kwenye kikapu, nikarudisha ufunguo kwenye msumari, nikaenda Meru mjini alikofikia Profesa. Alizipitia mezani, akitikisa kichwa. Alichomoa moja ya katikati, akaitia mkobani pamoja na barua zake, nyingine akanirudishia. "Umefanya kazi ya mwanasayansi," akaniambia. Nilifurahi mno. Kusema kweli, nililala usingizi mzuri.

Jumatatu alimwita Mwalimu ofisini Nkubu. Mimi nilibaki upande wa dukani, nikijifanya kuchagua sabuni, na mwenye duka akajifanya hanioni.

"Haya majina umeyatunga," nilimsikia Profesa.

"Si ya kutunga. Ni watoto wa watu."

"Fomu inataka namba, Mwalimu. Mbona unaleta majina?"

"Namba si niliandika hapo mbele?"

"Uliipata wapi?"

"Kwa njia yetu. Vile tunaulizana huku."

"Njia yetu hapa ni fomu."

 Kisha Mwalimu akauliza, taratibu kabisa, "Na nani alifungua sanduku langu?"

"Hilo si swali la leo," akajibu Profesa.

Alipotoka alinipita pale kwenye sabuni. Alikuwa ameivaa kofia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya ndani ya nyumba. "Mwari," akaniambia, "chai yako iko juu ya meza, inapoa." Akaenda zake. Kwa miaka yote hii nimeigeuza sentensi hiyo nikitafuta kama ndani yake kuna lawama, na sijaipata. Habari zilienea Nkubu kabla ya siku ya soko: Mwalimu Murithi amefukuzwa kwa kuandika uongo. Walimu wenzake wakaacha kumtuma kwenye kamati. Kanisani akaondolewa kuandika kumbukumbu za mikutano. Mtu aliyesahihisha madaftari ya nusu ya tarafa, hakuna aliyetaka tena kuona mwandiko wake.

Miezi miwili baadaye kazi ilihamia Embu, kwetu, na siku ya tatu nikafika kwa Nyanya Igandu, jirani aliyenipa ndizi mbivu nilipokuwa mtoto. Alinipokea kwa mikono miwili, akanipikia uji wa mtama, akajibu kila kitu. Tukafika swali la kumi na moja. Nilikuwa ninawajua watoto wake wote, wanane, nimecheza nao.

"Wawili," akasema.

Nikarudia. Akaweka kibuyu chini.

"Wawira, nani amekutuma unihesabie watoto?"

"Ni swali la fomu tu, Nyanya."

"Fomu haina mama? Wewe mama yako alikuwa akiulizwa ako na wangapi, alikuwa anajibu nini?"

Nikakumbuka. Alikuwa akijibu, "Wapo." Hivyo tu, wapo, na anayeuliza anaridhika. Kwetu mbuzi huhesabiwa, magunia huhesabiwa, watoto hawahesabiwi, kwa sababu anayewahesabu anakionyesha kifo mahali pa kuanzia. Nilikulia ndani ya jambo hilo. Hakuna aliyenifundisha, kama ambavyo hakuna aliyenifundisha kutembea, kisha nikashika fomu ya chuo kikuu na jambo lote likanitoka kichwani. Wale mama wa Nkubu hawakuwa wamesahau watoto wao. Walikuwa wakiwaficha, wakinificha mimi.

Nilikaa na kile kikombe cha uji mpaka kikaganda utando juu. Kisha nikaweka fomu chini, nikamuuliza, "Nyanya, mtoto wako wa kwanza ulimpa jina la nani?" Uso wake ukafunguka. Jina la mama ya mume wake, bila shaka. Na wa pili, mvulana, la baba ya mume. Na wa tatu. Alikwenda hivyo, jina baada ya jina, kila moja na mtu ambaye lilirithiwa kwake, na mkono wangu, bila kuagizwa, ukaingia chini ya leso niliyokuwa nimeiweka magotini, vidole vikahesabu. Walikuwa tisa. Kulikuwa na msichana aliyefariki kabla ya wengine kuzaliwa, ambaye hata mwanawe mkubwa, niliyemuuliza pembeni, hakumjua. Majina yalikuwa yaleyale ya boma la pili na la tatu, kwa sababu hivyo ndivyo majina yanavyofanya kazi kwetu. Hata hilo nililijua tangu utotoni. Nilijiona mjinga, kisha nikajiona mwovu, na hilo la pili limebaki.

Ningeweza kupanda gari siku hiyohiyo. Nkubu si mbali. Lakini Profesa alikuwa ameshaniandikia barua ya skolashipu, na ndani yake alisifu jinsi nilivyogundua udanganyifu kazini. Nikajiambia nitasema nikifika huko chuoni. Nikafika, nikajiambia nitasema nikimaliza. Nikamaliza. Niliporudi nilitengeneza dodoso jipya ambalo halimwombi mzee idadi ya watoto bali majina yao, na likasifiwa kwenye mikutano kwa kuheshimu mila za wenyeji. Watu walisimama kunipigia makofi. Fomu kumi na nane za Mwalimu zilikuwa chini ya vitabu vyangu nyumbani, bado na uzi wa kijani, na kila nilipohama nyumba zilihama nami. Mwizi wa kawaida angalau huuza.

Sasa nirudi kwenye ukurasa wa pili. Swali husomeka hivi: je, mgonjwa hushuku kwamba watu wanamwibia vitu? Ugonjwa huu hupenda kuja na shaka hiyo. Mama humtuhumu mkwe kwamba ameiba sufuria, mzee husema mchungaji wake amebadilisha ng'ombe, na ikizidi tunaandika dawa ya kutuliza. Nilimsomea Kendi swali hilo.

"Hiyo ndiyo kubwa, Daktari," akasema. "Kila siku. Ati kuna msichana wa Embu alichukua fomu zake kwa sanduku. Tunamwambia Dadi, hakuna msichana, hakuna fomu, anakasirika mpaka anatetemeka. Usiku hatulali. Tulikuwa tunataka utuandikie kitu cha kumtuliza."

Mwalimu alikuwa akitazama kofia yake. Kalamu yangu ilikuwa juu ya kisanduku cha "ndiyo". Kwa tiki moja angemeza kidonge kila jioni mpaka msichana wa Embu atoke kichwani mwake, na asingebaki mtu duniani wa kunishuku.

"Kendi," nikasema, "msimwambie tena hakuna msichana."

"Unamaanisha tumkubalie tu?"

"Namaanisha yuko. Ni mimi."

Nilimweleza yote, mbele ya baba yake, kutoka swali la kumi na moja mpaka skolashipu. Alinisikiliza akiwa ameinua uso, na uso ule haukuwa na huruma, wala sikuiomba. "Mama yangu alienda kaburini akijua kulikuwa na msichana wa Embu," akasema mwishowe. "Lakini si wa namna hiyo, alidhani ni mpenzi wa Dadi. Aliishi na hiyo kitu rohoni maisha yake yote. Dadi alikuwa anamwambia ni mambo ya fomu, na nani angeamini mambo ya fomu?" Akafuta macho kwa nyuma ya mkono. Mwalimu Murithi akageuka akanitazama, muda mrefu, kama anayesoma insha ya mtoto asiyemwamini.

"Umezirudisha?" akauliza.

Alhamisi iliyofuata nilizileta, pamoja na nakala ya barua niliyokiandikia chuo kikuu nikisema fomu zile zilikuwa za kweli na zangu ndizo za uongo. Barua nilimpa Kendi. Ameshaisoma kanisani kwao, na kuna wanaoamini na kuna wanaouliza daktari anataka nini. Fomu niliziweka mbele ya Mwalimu. Hakushukuru. Alifungua uzi wa kijani, akauzungusha kwenye kidole akautia mfukoni, kisha akalamba dole gumba na kuanza kuzihesabu kwa sauti, kwa Kimeru, bila kuruka hata moja, mtu aliyeshindwa kuniambia leo ni siku gani. Alipofika mwisho alizipanga kingo, akazihesabu tena.

"Moja haipo," akasema.

"Dadi, tafadhali, usianze," akasema Kendi. "Zote ziko hapo."

Hapo juu nimeandika kwamba Profesa alichomoa fomu ya katikati akaitia mkobani mwake, nikaandika kwamba nilihama nyumba na fomu kumi na nane, kana kwamba nilikumbuka hivyo siku zote. Sikukumbuka. Nilikuja kliniki asubuhi ile nikiapa kwamba fomu zote kumi na tisa ziko ndani ya uzi, na ilinirudia pale pale, meza, mkoba, mkono wa Profesa, wakati mzee yule ananitazama akingoja nijibu.

"Ni kweli, Mwalimu," nikamwambia. "Moja haipo."

Akamgeukia binti yake. "Umesikia?" akamwuliza, akavaa kofia.